Anko, nachora nyumba za watu Houston kila siku ila siruhusiwi kujiita akitekti

Anko shikamoo,

Naomba ushauri maana nimekwama na sina wa kumuuliza. Wabongo ninaowajua hapa Houston wengi ni manesi, madereva wa malori na watu wa IT, nikiwaambia nimesomea usanifu majengo wananiambia nenda kasome unesi uache kujitesa.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Nilisoma Ardhi pale Dar, ile digrii ya miaka mitano, nikamaliza vizuri tu, nikapata kazi kwenye ofisi moja maeneo ya Mikocheni nikakaa miaka miwili chini ya akitekti aliyesajiliwa na bodi. Nilikuwa najipanga na mimi nisajiliwe AQRB, bodi yetu ya Tanzania, ila green card ikatoka kabla sijafika huko, tukafungasha tukaja. Hiyo ni kama miaka mitatu sasa. Nilianza na maboksi kama kila mtu, baadae nikapata kazi kwenye kampuni inayochora ramani za nyumba za kuishi na nipo hapo mpaka leo. Kazi naiweza anko, Revit ile programu ya kuchorea naijua, wateja wananipenda, bosi mwenyewe akikwama ananiita mimi.

Sasa shida. Mwezi uliopita nilimwambia bosi nataka kuanza mambo ya leseni, naomba awe ananisainia masaa yangu. Akacheka, akasema leseni ya nini wakati kwa nyumba hizi Texas hakuna anayeidai, yeye mwenyewe hana na anaendesha biashara miaka yote, na kwamba hata akisaini hayatahesabika. Niliumia sana maana nilikuwa najua nipo kwenye njia kumbe nilikuwa pembeni ya barabara. Halafu akaniona Instagram nimejiandika architect akaniambia nifute haraka kabla hajaniona mtu wa bodi. Nikajisikia kama mwizi. Nyumbani kila mtu ananiita akitekti, shemeji yangu anataka nimchoree nyumba ya Bunju, mama anawatangazia watu mwanangu akitekti Marekani, na mimi huku nimekatazwa hata jina.

Mume wangu anasema nitulie, hela inaingia, watoto bado wadogo, hiyo mitihani sita nimesikia watu wanaisoma miaka. Kanisani kwetu kuna mzee mmoja mzungu ni akitekti kweli mwenye leseni, ameniambia niwe naenda ofisini kwake Jumamosi nimsaidie bila malipo nipate uzoefu. Rafiki yangu mwingine anasema hamia New York huko hawaangalii digrii. Na kuna mtu ameniambia digrii ya Ardhi huku ni karatasi tu, nianze chuo upya.

Anko nianzie wapi? Au nikubali tu yaishe?

Mama wawili, Houston

---

Marahaba binti yangu, pole na hongera, hongera kwanza maana mtu aliyemaliza miaka mitano ya studio pale Ardhi na usiku wa kukesha na modeli za kadibodi hana cha kuogopa kwenye mtihani wa kubofya majibu kwenye kompyuta.

Barua yako nimeisoma na peni mkononi, na kuna kitu nimekiona wewe hujakiona, hivyo nakianza nacho hata kabla ya bosi wako. Ni ile miaka yako miwili ya Mikocheni. Umeipitia kwa sentensi moja kama kitu kilichokufa, na hapo ndipo penye mali yako, na inaoza.

Ngoja nikueleze. Njia ya leseni Marekani ina vitu vitatu: elimu, uzoefu, mitihani. Uzoefu unasimamiwa na NCARB, baraza la bodi zote za majimbo, kupitia programu inaitwa AXP. Unatakiwa ukusanye masaa 3,740 yaliyogawanywa kwenye maeneo sita. Sisi wa zamani tuliikuta inaitwa IDP na masaa yalikuwa 5,600, yakapunguzwa 2015, kwa hiyo mkilalamika na sisi huwa tunacheka kidogo. Sasa masaa hayo yanaingia kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ofisi ya usanifu ambayo msimamizi wako ni akitekti mwenye leseni ya huku, na lazima angalau masaa 1,860 yatoke hapo. Yaliyobaki yanaweza kutoka sehemu nyingine, na mojawapo ya hizo sehemu nyingine ni ofisi ya usanifu nje ya Marekani, chini ya akitekti anayetambulika kisheria na nchi yake. Huyo ni bosi wako wa Mikocheni. Kikomo cha masaa hayo ya nje ya Marekani ni 1,860.

Umeelewa maana yake? Karibu nusu ya safari ulishaitembea kabla hujapanda ndege.

Ila kuna saa ya ukutani hapo. Masaa ukiyaripoti ndani ya miezi 8 tangu uyafanye unapewa yote. Ukichelewa zaidi ya hapo unapewa nusu. Yakipita miaka 5 hawayapokei tena kwa njia hii ya kawaida. Sasa piga hesabu na mimi, uliondoka Dar miaka mitatu iliyopita na ulikaa pale miwili, kwa hiyo siku yako ya kwanza Mikocheni inakaribia miaka mitano au imeshaifika. Mtu anayefanya kazi wiki nzima anapata kama masaa 4,000 kwa miaka miwili, nusu yake 2,000, yaani hata kwa adhabu ya kuchelewa ungeweza kujaza kile kikomo, lakini kila mwezi unaokaa unafikiria, mwezi mmoja wa Dar unadondoka nyuma yako na haurudi. Ndio maana nakwambia usimalize wiki hii hujafungua rekodi yako NCARB. Kabla ya EESA, ile tathmini ya digrii nitakayoifikia huko chini, kabla ya kuacha kazi, kabla ya kubishana na mumeo. Fungua rekodi, mpigie yule bosi wako wa zamani simu sio meseji, msalimie, mweleze, kisha mwandikishe kama msimamizi wako, atapata barua pepe atabonyeza kukubali. Watu wazima wa Dar barua pepe ya ajabu kutoka Marekani wanaipuuza wakijua ni matapeli, hivyo mwambie mapema itakuja, na umtumie namba yake ya usajili wa AQRB akuhakikishie ndiyo yenyewe. Na ripoti ukweli. Kama pale ulikuwa unachora tu michoro ya ujenzi basi weka huko, usijaze masaa ya usimamizi wa mradi kwa sababu eti hayajatosha, atakayesaini ni mtu mwenye jina lake na heshima zake.

Sasa bosi wa Houston. Amekuumiza ila kwa sehemu kubwa alichosema ni kweli, na afadhali amekwambia. Sheria ya Texas haidai akitekti kwenye nyumba ya familia moja, wala kwenye majengo mengi madogo, kwa hiyo kampuni kama yenu zipo kihalali kabisa na zinaingiza hela nzuri. Ila hakuna leseni ndani ya jengo, na bila leseni hapo hakuna msimamizi wa lile fungu la kwanza. Alipokosea ni kusema hayatahesabika hata moja. Kuna kidirisha cha kazi za usanifu au ujenzi chini ya mtu mwenye uzoefu wa kazi hiyo hata kama sio akitekti, kikomo chake masaa 930. Lakini angalia, kama Dar itakupa karibu 1,860 basi lile fungu la pili limekaribia kujaa, limebakiza nafasi ya masaa ishirini tu. Kwa hiyo kama ya Dar yatapita yote, huna sababu ya kugombana na bosi akusainie. Kama yatapungua, hapo ndio mwombe kwa upole azibe pengo, na umuombe kabla hujamwambia unaondoka.

Maana ndiyo, itabidi uondoke. Sio kesho, ila itabidi. Yale masaa 1,860 ya fungu la kwanza hayana njia ya mkato, ni ofisi yenye akitekti mwenye leseni basi. Kwa masaa arobaini kwa wiki hiyo ni kama mwaka mmoja. Mwaka! Mumeo alipokwambia utulie alikuwa anaona miaka kumi ya kuteseka mbele yenu, na simlaumu, hesabu za NCARB wenyewe zinaonyesha mtu wa kawaida kutoka anaanza chuo mpaka leseni anatumia miaka kama 13. Wewe hujaanza leo. Kaa naye na karatasi umuonyeshe. Mwambie pia mshahara unaweza kushuka kidogo mwaka wa kwanza, usimfiche hilo, mkae mapema muone mtabana wapi.

Kwenye intavyuu usiende kwa unyonge wa kusema natafuta intanship. NCARB wenyewe walishaachana na kuwaita watu intern. Wewe ni mtu wa Revit mwenye miaka yake kazini. Ila uliza maswali mawili bila aibu: nani atakuwa msimamizi wangu wa AXP, na je nitaenda saiti? Hili la pili wengi hawaulizi wanakuja kulia baadae. Eneo la michoro ya ujenzi linataka masaa 1,520 na usanifu wenyewe 1,080, hayo yanajaa yenyewe maana ndio kazi ofisi inakupa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kinachowakwamisha watu ni masaa 360 ya mambo ya saiti na 360 ya usimamizi wa mradi na yale 160 ya uendeshaji wa ofisi, kwa sababu hakuna bosi anayemchukua mtu wa Revit kwenda kwenye kikao na mkandarasi wakati kuna shiti za kumaliza. Na ukishajaza michoro, ziada haihamii kwingine. Unaweza kukaa ofisi mwaka wa tatu unachora ngazi na vyoo huku rekodi yako imesimama palepale.

Mzee wa kanisani. Ana nia njema, mshukuru, ila ukienda Jumamosi zako zote bila malipo NCARB haitakuhesabia, wanataka iwe ajira ya kulipwa. Mrudie umwambie hivi hivi, mzee ningependa sana ila wanadai niwe nimelipwa, je unaweza kuniandikisha kwa masaa machache kwa wiki hata kwa kima cha chini? Sio lazima uwe wa siku nzima. Akikubali umepata fungu la kwanza bila kuacha kazi ya sasa, unaanza kulijaza taratibu huku ukitafuta ofisi kubwa. Akikataa kulipa basi umejua. Angalia tu mkataba wako na kampuni ya sasa kama unaruhusu kazi ya pili.

Digrii ya Ardhi sio karatasi tu, anayesema hivyo hajui anachosema, lakini pia haiingii mlangoni yenyewe. Texas wanataka digrii iliyoidhinishwa na NAAB, chombo kinachoidhinisha digrii za usanifu majengo huku, na kwa sisi tuliosoma nje wanakubali tathmini, ile inayojulikana kwa jina la EESA, wanalinganisha kozi zako moja moja na kiwango cha huku. Transkripti lazima itoke chuoni kwenda kwao moja kwa moja, sio ile kopi uliyoibeba kwenye begi, na utahitaji maelezo ya kila somo. Hapo ndio nakuombea uvumilivu binti yangu maana unajua mwenyewe kufuatilia karatasi ofisi ya chuo ukiwa mbali ilivyo. Usitume barua pepe ukakaa. Tafuta mdogo wako au classmate aliyebaki Dar aende kwa miguu, aende tena, akae kwenye benchi. Kuhusu studio na ujenzi huwa sina wasiwasi na watu wa Ardhi. Wengi waliosoma nje wanakutwa na upungufu kwenye masomo ya jumla, ile mchanganyiko ya lugha, historia, sayansi ya jamii ambayo Wamarekani wanasoma mwanzoni mwa chuo na sisi hatukuwa nayo. Upungufu huo unauziba community college jioni au mtandaoni, kozi moja moja. Kuanza chuo upya miaka kadhaa na mkopo wa maelfu ya dola kabla hujaona jibu la tathmini ni kujichimbia shimo.

New York ni kweli, wana mfumo unaokubali uzoefu mwingi kuziba digrii isiyo ya NAAB, na California pia wana hesabu yao ya miaka 8 ya elimu na kazi ikichanganywa, halafu mtihani wao wa ziada. Ila wewe una digrii ya kitaaluma tayari na watoto wana shule. Kuhamisha familia nzima ili kukwepa kozi mbili tatu za jioni, hapana. Na leseni iliyopatikana kwa njia hizo inakusumbua ukitaka kuipeleka jimbo lingine.

Na usijilaumu kwamba ungekaa Dar umalize usajili wa AQRB mambo yangekuwa rahisi. Marekani ina makubaliano ya kutambuana leseni na nchi chache, kama Australia na New Zealand tangu 2017, Uingereza tangu 2023, Tanzania haimo. Hata ungekuja na muhuri wako kwenye pochi mitihani ungeikuta inakusubiri.

Mitihani yenyewe ni sita, inaitwa ARE, na kila mmoja unalipia zaidi ya dola 200, kwa hiyo usikimbilie kulipa kabla elimu haijakubaliwa. Texas wakishakubali elimu yako unaweza kuanza kufanya huku masaa yanaendelea. Kufaulu kwa ujumla kunacheza kwenye nusu na kidogo zaidi, ukifeli unasubiri siku 60 unarudia huo huo mmoja, sio yote. Na kwa mama mwenye watoto kuna habari nzuri sana, zamani ulikuwa ukifaulu mmoja saa inaanza kuhesabu, miaka mitano ikipita hujamaliza ule wa kwanza unafutwa, hiyo sheria wameiondoa Mei 2023. Sasa unaweza kufanya mmoja, ukauguza mtoto, ukarudi. Mimi ningeanza na ule wa uendeshaji wa ofisi, wa usimamizi wa mradi na wa ujenzi, maana mikataba ya AIA, chama cha maakitekti wa Marekani, inajirudia kote kutatu ukiisoma mara moja umekula pande zote. Na hayo ndio mambo sisi tuliotoka nje hatuyajui kabisa, mikataba yao, bima zao, nani anamshtaki nani. Ile miwili mikubwa ya usanifu na michoro iweke mwisho na uifanye karibu karibu. Tafuta watu wa kusoma nao, hapo Houston hamkosi. Na futi na inchi uzizoee mpaka uote, kuna watu wanafeli maswali ya hesabu sio kwa kutojua bali kichwa bado kinasoma milimita.

Instagram futa leo. Najua inauma. Texas jina hilo linalindwa kisheria, anayelitumia kujitangaza bila kusajiliwa na TBAE, ile bodi yao, anaweza kulalamikiwa na kupigwa faini, na mtu wa kwanza kulalamika huwa ni mshindani sio bodi. Andika designer, andika umesomea usanifu majengo Ardhi, hiyo ni haki yako. Mama yako muache aendelee kutangaza, bodi ya Texas haifiki kwake.

Shemeji wa Bunju mchoree wazo, mchoree sebule anayoiota, mpe na picha za 3D akaringe nazo. Lakini michoro ya kuombea kibali amtafute mtu aliyesajiliwa hapo hapo Dar, wewe hujasajiliwa kule wala huku, na nyumba ikipata ufa atakayepigiwa simu saa nane usiku ni wewe. Tena mwambie amtumie yule bosi wako wa Mikocheni. Kazi ikipita mkononi mwake na ombi lako la masaa likimfikia wiki hiyo hiyo, sioni akichelewa kubonyeza.

Majibu ya tathmini yakitoka niandikie wamekudai kozi gani, tutaangalia zipi unaweza kuzifanya Houston Community College bila kuvunja kibubu.

Anko